Jinsi Emerensiana wa Mbuji Alivyoutwaa Usingizi Ufukweni

Sogeeni, enyi mliozaliwa kwenye baridi ya milimani, nanyi mliozaliwa kwenye joto la ziwani. Tueni mizigo, nyamazisheni watoto kama mnaweza, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika mchanga wa Ziwa Nyasa, vita ambavyo hakufa mtu ndani yake, ila mmoja alilala.

Alikuwapo Emerensiana wa Mbuji, mchuma kahawa asiyetishwa na mteremko, mwamkaji wa kabla ya majogoo. Kahawa ilikuwa imekwisha kuchumwa, kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, na tangu tunda la kwanza lilipoiva mama huyu hakuwa amelala mchana hata mara moja. Mvua zilikuwa njiani na mahindi yalingoja kupandwa. Kati ya kazi ile na kazi hii palibaki siku moja tu, na siku hiyo mumewe, Placidi mvaa sweta, mtu aliyeogopa maji kuliko chui, aliiteremsha familia yake mpaka kwenye hoteli ndogo ya ufukweni karibu na Mbamba Bay.

Emerensiana akakiona kiti. Kilikuwa kiti kirefu cha kulalia, kimewekwa kivulini. Akakiendea kama malkia aendeavyo enzi yake, akavua kandambili, akajinyoosha, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Enyi wa nyumba yangu! Mimi sikuja kuogelea. Sikuja kula samaki. Nimekuja kulala. Atakayeniamsha, na awe na sababu ninayoweza kumweleza padri."

Akafumba macho. Hapo ndipo majeshi mawili yalipokutana.

Jeshi la kwanza lilikuwa Glorious, binti wa darasa la sita, mwenye ulimi usiopata kutu. Jeshi la pili lilikuwa Nazari, mdogo wake, ambaye silaha yake ilikuwa machozi, nayo haikukaa mbali. Na kilichogombewa kilikuwa tyubu ya tairi la lori, nyeusi, iliyojazwa upepo, ambayo hoteli huwapa watoto waelee nayo. Ilikuwa moja.

"Mamaa! Glorious ameikalia peke yake!"

"Mama, muongo! Nimeikalia nusu, nusu yake ile pale."

"Mama, ananiangalia!"

"Simwangalii. Naangalia ziwa. Yeye ndiye amesimama mbele ya ziwa."

Ndipo Placidi aliposimama, mikono nyuma, sweta limefungwa vifungo vyote, akatoa hotuba. "Wanangu, damu ya ukoo mmoja! Babu zenu waligawana mlima mzima bila kelele, ninyi mnashindwa kugawana mpira wa lori? Sikilizeni hukumu. Kila mmoja ataishika kwa muda wa kusali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, kisha atampisha mwenzake. Glorious, wewe mkubwa, utasalisha."

Hukumu hiyo ilikuwa njema, nayo ndiyo iliyoleta maangamizi. Kwa maana Glorious alipokuwa juu ya tyubu alisali polepole, kwa unyenyekevu ambao hata masista hawajaufikia, akitua kwenye kila neno. Zamu ya Nazari ilipofika, binti huyo huyo alizipitia Salamu Maria kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

"Baba! Ameniibia sala!" Nazari akalia kilio cha kuvunja anga.

Lakini baba alikuwa ameanguka vitani. Alikaa chini kutafakari rufaa, akasinzia, mdomo wazi.

Emerensiana akainuka. Akaichukua tyubu, akaitupa juu ya kiti chake iwe mto. Akachukua kijiti, akachora mchangani miraba kama ile wanayochora watu wake mlimani, wanapochimba ngolo, mashimo yale yanayoshika mvua isiburute udongo wa mteremko.

"Kila mtu na ngolo yake," akatamka. "Mpaka ndio huo. Atakayeuvuka atarudi Mbuji kwa miguu."

Akachukua bakuli, akachimba ya kwanza awaoneshe. Ikabomoka. Akachimba tena, ikabomoka kabla hajainuka. Mkono ule ambao ngolo zake husimama masika yote ulikuwa umeshindwa na mchanga mbele ya wageni wa hoteli.

Watoto wakacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile walicheka pamoja.

"Mama, hujui!" akasema Glorious. "Lete bakuli. Nazari, shika ukingo huo, mimi nashika huu."

Wakachimba, ikabomoka. Wakachimba tena. Naye Emerensiana, alipoona kwamba kazi hiyo haina mwisho, akarudi kinyumenyume, taratibu, hata akakigusa kiti, akajilaza.

Akaja Cleopa, mhudumu wa hoteli, kijana wa ziwani mwenye sauti ya kuita mitumbwi. "Shikamooni! Jamani, samahani, hapa hatulimi!"

Placidi akazinduka. Akaziona ngolo. Uso wake ukaiva kwa aibu, kwa sababu kwao mwanamume ndiye hutangulia kulaza nyasi, na mwanamke hufuata na udongo. Na hapa ngolo zilichimbwa yeye akikoroma. Akakimbia nyuma ya jiko, akarudi amekumbatia nyasi kavu.

"Baba, hizo ni za paa la banda!" Cleopa akapaza sauti.

"Kijana," akasema Placidi kwa sauti ya chini, "paa litangoja. Mke wangu amelala."

Cleopa akageuka, akamtazama yule mama na miguu yake yenye nyufa za mlimani. Sauti yake ikashuka kwa namna ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia. "Basi chukua hizi fupi, baba. Ndefu niachie."

Nyasi zikalazwa, kingo zikasimama. Maji yakapanda yenyewe kutoka chini, ngolo ya Nazari ikawa ziwa dogo linalong'aa. Mtoto akajaza kifua, akafungua kinywa kumwita mama yake aje aone. Dunia ikasimama. Glorious akakiziba kinywa kile kwa kiganja chenye mchanga.

"Ukimwamsha nakufukia humu humu."

Nazari akaimeza kelele yake, pamoja na mchanga kiasi.

Jua liliposogea na kivuli kukikimbia kiti, Placidi na Cleopa walikinyanyua, Emerensiana akiwa juu yake, wakampeleka kivulini. Hakujua.

Aliamka jua likizama, shavu limechorwa alama ya tyubu.

"Mama, ziwa letu umelionaje?" Cleopa akamuuliza.

"Zuri sana, mwanangu," akajibu yule ambaye hakuwa ameligeukia hata mara moja.

Na mpaka leo wanawake wa Mbuji, wakiosha kahawa na kubishana jambo fulani lilitokea lini, huulizana kwanza: ilikuwa kabla Emerensiana hajalala, au baada ya hapo?