Kila Kitu Ni Sufu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa Thargelioni

Baba mkwe amekuja asubuhi na jibini zima la mbuzi, kubwa kama gurudumu. Kaliweka juu ya kabati bila kunitazama. La sikukuu hilo, akasema, asiliguse mtu. Kisha kaketi kwenye kiti changu na kutoa hukumu. Miaka miwili nimemwoa binti yake, na mpaka leo akiulizwa sokoni mkwe wake anafanya kazi gani hana la kusema. Nikamjibu kwamba mimi nafikiri. Akasema hata punda wake anafikiri, ila yule anabeba na mizigo.

Amenipa mpaka sikukuu ya Apolo, tarehe 7. Jua likitua siku hiyo bado sijawa mtu wa kutajika, anamchukua Filina na kumrudisha kwake, yeye na kila alichokuja nacho. Sheria inamruhusu. Filina alikuwa pembeni anachambua sufu ya baba yake, wala hakuinua kichwa. Nilitegemea atalia hata kidogo.

Nampenda Filina. Nayaandika haya hapa kwenye kigae cha mtungi kwa sababu nikimwambia usoni ataniuliza nataka nini.

Basi, niwe mtu wa kutajika. Hapa Mileto, mji wa wanafalsafa, njia ni moja: unasema ulimwengu wote umetokana na kitu gani. Yule mzee marehemu alisema maji, akasifiwa mpaka Misri. Aliyemfuata akasema ni kitu kisicho na mwisho wala umbo, hakuna aliyemwelewa, akasifiwa zaidi. Sasa yuko mwingine anayesema hewa. Vitu vizuri vinakwisha. Lazima niwahi changu.

Jumanne, tarehe 3

Nimekwenda kwa kinyozi kutangaza kwamba kila kitu ni moshi. Nikamkuta Leodama, jirani yangu, amekaa kwenye kiti cha kunyolea anawaambia watu kwamba kila kitu ni moshi. Watu wanaitikia kwa vichwa, kimya, kama wako hekaluni. Mwizi! Moshi nilimtajia mimi mwenyewe juzi, tukiota moto kwake. Nikasema hivyo mbele ya wote. Leodama akanijibu kwa upole, ndugu yangu Fitre, moshi hauna mwenyewe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kinyozi akaniuliza kama nanyolewa au namzuilia mwanga tu.

Nimerudi nyumbani nimefura. Nikajitupa juu ya sufu ya Filina, nikatazama nje. Mawingu. Sufu! Povu la bahari, sufu. Ukungu juu ya mkate wa juzi, sufu changa. Ndevu za baba mkwe, sina haja ya kusema. Halafu hoja yenyewe ikaja, hatua kwa hatua. Sufu ukiishindilia inakuwa nguo nzito. Ukiishindilia zaidi lazima iwe ngozi, halafu mti, halafu jiwe. Nani amewahi kuishindilia vya kutosha? Hakuna. Wavivu wote.

Nimemweleza Filina. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na yeye ni sufu. Nikamwambia ndiyo, ya daraja la kwanza. Nadhani alifurahi. Alirudi kuchambua kwa nguvu zaidi.

Jumatano, tarehe 4

Ili kugeuza sufu kuwa jiwe nahitaji uzito. Nimekwenda kwa Bioni kukodi shinikizo lake la kukamulia zeituni. Kanicheka. Mizeituni ndiyo kwanza imetoa maua, nakamua nini, kivuli? Nikamwambia kwa sasa siwezi kusema. Hapo uso ukambadilika. Akafunga mlango, akaninong'oneza: nimeona nini kwenye nyota?

Nilikuwa nimesahau! Mji mzima unakijua kisa cha yule mzee wa maji, kwamba alisoma nyota, akajua zeituni zitajaa, akakodi mashinikizo yote mapema na kutajirika. Tangu hapo mtu wa Mileto akimwona mtu wa fikra anakodi shinikizo kabla ya wakati, hapati usingizi. Sikumwambia Bioni ndiyo, sikumwambia hapana. Nilitazama juu tu. Palikuwa na buibui.

Shinikizo nimelipata kwa joho langu la harusi. Filina hajui. Joho lilikuwa limenibana.

Alhamisi, tarehe 5

Sipiti njia bila kusimamishwa. Wanaume watatu wamenisalimu kwa jina langu na la baba yangu. Kinyozi amekodi shinikizo. Leodama amekodi mawili, mtu wa moshi! Jioni kaja kwangu na samaki mkononi, bwana mkubwa huku, bwana mkubwa kule, akauliza kama kwa bahati tu mwaka huu zeituni zitakuwaje. Nikamwambia ukweli mtupu: zeituni, kama kila kitu, ni sufu. Akanikonyeza jicho, akaondoka mbio. Nasikia amekodi la tatu.

Samaki alikuwa mtamu. Filina kanitazama nikila, akasema siku zimebaki mbili. Nikamwambia asihofu. Akasema hahofu, anahesabu. Usiku wa kuamkia leo nilimsikia anakunja nguo.

Vigae vya kuandikia vimekwisha. Nimevunja mtungi mmoja. Ulikuwa na ufa. Karibu uwe na ufa.

Ijumaa, tarehe 6

Leo mjini wanamtoa yule mtu wa mikosi anayechaguliwa kila mwaka, wanamchapa kwa matawi ya mtini mpaka nje ya lango aondoke na balaa zote. Baba mkwe kasema mwakani hawana haja ya kuhangaika kutafuta mtu. Nikatoka. Nilikuwa na kazi.

Sufu yetu ya nyumbani haitoshi hata jiwe la kutupia mbwa. Lakini lipo gunia jeupe la baba mkwe. Filina amelichambua majira yote ya baridi, na ni sufu ya wale kondoo wanaovishwa ngozi wasichafuke, yaani wanavaa vizuri kuliko mimi. Nimelichukua alipokwenda kisimani. Si wizi. Kama kila kitu ni sufu, basi nimehamisha kila kitu kutoka pahali pamoja kwenda pengine. Hoja nzito. Nimeiandika kwenye ngozi, pamoja na maneno ya kwanza ya kitabu ninachokusudia kukitoa.

Kwa Bioni nimepakia gunia zima kwenye shinikizo, nikashusha boriti yake, nikaning'iniza mawe yote. Kisha na mimi mwenyewe nikakaa juu kwa muda. Kesho jiwe.

Jumamosi, tarehe 7, sikukuu

Nitaandika upesi.

Watu walijaa kwa Bioni kama wanaosubiri nyama ya sadaka. Leodama mstari wa mbele, baba mkwe kando yake, Filina nyuma yao. Nikahutubia. Nilikuwa vizuri, nasema kweli. Nikafungua shinikizo.

Halikuwa jiwe. Lilikuwa bamba la rangi ya matope mabichi, linanuka mafuta ya mwaka jana. Bioni hajaosha shinikizo tangu mavuno! Nikaligonga kwa kidole kwa matumaini. Lililia kama mto wa kulalia. Leodama akauliza, sasa zeituni zinaingia wapi hapa? Nikamwambia zeituni haziingii popote, hazikuwahi kuingia. Watu wote waliokodi mashinikizo wakaanza kuhesabu vidoleni walicholipa.

Lakini sikuwatazama wao. Baba mkwe alikuwa ameokota nyuzi mbili nyeupe chini. Alizisugua vidoleni, akaitambua sufu yake. Alimgeukia binti yake, akamwambia akafunge vitu vyake.

Mvua ikaanza papo hapo. Watu wakakimbilia chini ya paa. Filina akachukua lile bamba, akalitia kichwani, akaenda nyumbani kufunga vitu vyake. Nikamfuata nyuma nalia waziwazi. Mvua ilinisitiri, lakini si sana, maana nalia kwa sauti.

Mlangoni akasimama. Akajishika nywele: kavu. Akalikung'uta bamba, akalitazama juu na chini, kisha akalirudisha kichwani, akamwita baba yake aliyekuja nyuma yetu na kumwambia ammwagie mtungi wa maji kichwani. Mzee akasita. Akammwagia. Hata tone halikupita. Wakatazamana wale wawili. Mimi walinisahau kabisa, nimesimama na maji yananitiririka mpaka viatuni.

Jumapili, tarehe 8

Filina amelikata jiwe langu kuwa kofia. Kofia! Kabla ya mchana mabaharia walikuwa wamezimaliza. Mmoja wa kisiwa cha Samo kajivika asili ya ulimwengu kichwani, akaniuliza kama inampendeza. Nikajaribu kumweleza ni nini alichokivaa. Akasema yeye anataka tu masikio makavu.

Hilo halikutosha. Wale wote waliokodi mashinikizo sasa wamepanga foleni kwa baba mkwe kuomba sufu, wasikae bure mpaka mavuno. Mzee anawapa ile ngumu isiyo na mnunuzi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Leodama ana mashinikizo matatu, kwa hiyo amepewa nyingi. Kila kitu ni moshi, eti.

Nimesimama nyuma ya mlango nikasikia. Baba mkwe alimuuliza Filina kama vitu vyake vishafungwa. Filina akasema vishafunguliwa. Haendi popote, kazi iko hapa na shinikizo liko jirani. Mzee akasema, na huyu je? Akimaanisha mimi. Filina akasema, baba, huyu nimeshamzoea, na nikiondoka nani atamzuia asijishindilie mwenyewe?

Nilikaa chini pale pale nyuma ya mlango.

Jumanne, tarehe 10

Sokoni baba mkwe akiulizwa mkwe wake ni nani anasema, yule wa kofia. Natajika! Ni wazi hoja yangu ilimshinda. Nilikosea jambo moja tu, mawe yalikuwa machache.

Asubuhi Filina kanipeleka madhabahuni kwa Apolo, akaniapisha mkono juu ya jiwe. Sitagusa sufu ya mtu tena, sitaishindilia, wala sitamweleza mtu yeyote habari za sufu maisha yangu yote. Nimeapa, na kwa moyo. Alinishika mkono zaidi ya kiapo kilivyohitaji. Nikaona ndio wakati wake, nikamwambia nampenda. Akauliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akacheka, akasema haya, twende nyumbani.

Yeye sasa yuko kwa Bioni. Mimi nimekaa natazama kabati. Katika vurugu zote hizi hakuna aliyelikumbuka jibini la baba mkwe. Limeanza kuota nywele nyeupe kwa juu. Na nikafikiri: maziwa si maji tu? Yakiganda yanakuwa laini kama nyama. Yakikauka ni kama mti. Na jibini la mwaka juzi, si mtu anavunja jino? Matundu yake ni mapango. Kila kitu kimo humu! Uzito tu ndio unaotakiwa, na alfajiri shinikizo la Bioni huwa halina mtu.

Kiapo nakiheshimu neno kwa neno. Filina alitaja sufu. Jibini hakulitaja.