Ombi la Kubaki Nyuma Pamoja na Vimeng'enya

Kwa Meneja wa duka la dobi, ambaye pia ni Shangazi yangu,

Shikamoo Shangazi. Natumaini hujambo, ingawa nimekuona asubuhi ukinywa chai. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana maneno hunikimbia.

Jana ulitangaza kwamba kuanzia Jumatatu nitoke kwenye mabeseni, nikakae kaunta kupokea wateja, na kazi yangu ya kufua aishike Bibi. Kwa heshima zote napinga, na sababu zangu ni za kisayansi.

Sabuni yetu ya unga ina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi. Kimeng'enya hukamata doa, hulikata vipande vidogo vinavyoondoka na maji, kisha hukamata jingine, chenyewe kikibaki kilekile. Hakiliwi, hakiishi, wala hakisifiwi. Shangazi, huyo ndiye mimi tangu nimalize mitihani. Basi naomba haki zinazoendana na cheo hicho.

1. Kila kimeng'enya kina kazi yake. Kina nafasi yenye umbo maalumu, nalo doa lake hukaa humo kama ufunguo kwenye kufuli. Kinachokata damu na yai hakigusi mafuta ya kupikia, na hakuna anayekiita kivivu. Mimi umbo langu ni la beseni. Wateja hawanienei.

2. Joto. Kwenye maji ya baridi vimeng'enya hujikokota. Kwenye vuguvugu huchangamka. Maji yakichemka, umbo la vimeng'enya huharibika, na hata ukiyapoza havirudi tena, kama yai la kuchemsha lisivyorudi kuwa bichi. Juzi nilipokushikia kaunta kwa dakika kumi tu, mwenye bucha aliniuliza, "Binti, tukuandikie barua ndiyo ujibu?" Watu wakaangua kicheko. Masikio yangu yalipita nyuzijoto sitini. Je, nikiharibika umbo utamwambia nini Baba? Alinikabidhi kwako nikiwa mzima.

3. Uchachu. Vimeng'enya vya sabuni yetu hupenda maji yenye magadi kidogo; ukitia siki, vinazubaa. Yule mama wa mapazia akisema "Hebu harakisha, mwanangu," hiyo ni siki tupu.

4. Wingi. Madoa yakiongezeka, kasi ya kazi nayo hupanda, lakini ni mpaka kila kimeng'enya kiwe na doa mkononi. Hapo hata ukileta mlima wa madoa, kasi ni ileile. Mimi hujaa kwa mteja mmoja. Wa pili arudi kwao kwa amani.

5. Vizuizi. Kuna vitu huingia kwenye nafasi ya kimeng'enya vikakaa tu, doa likakosa pa kuingia. Sitaki kumsema mama yako mzazi, lakini Bibi hukalia kigoda changu tangu saa mbili, akila karanga. Tena huchemsha kila kitu. Anasema nguo isiyotoa mvuke haijafuliwa.

Kwa hiyo naomba nibaki nyuma, maji yasizidi nyuzijoto arobaini, na kaunta ijengewe ukuta wa mbao wenye tundu: nguo zipite, maneno yasipite. Mwenye swali aliandike, atajibiwa ndani ya siku saba.

Nisalimie wote nyumbani, ingawa nitakuwa nimewasalimu mwenyewe kabla yako.

Mimi mtiifu wako,
Binti wa kaka yako,
Idara ya Mabeseni.

Nyongeza: Nimeileta barua hii kaunta nikakuta umetoka, na watu watano wamesimama wakisubiri. Mwenye bucha akauliza kwa nini aproni anazofua nyumbani kwa maji ya moto hazitoki damu. Nikajikuta nimemjibu. Akauliza tena. Mama wa mapazia naye akasogea, ana doa la yai. Nilipotazama saa ilikuwa saa tisa, nimepokea mafurushi kumi na saba na sauti imenikauka. Tatizo ni kwamba huku nyuma Bibi amechemsha zile aproni sita za bucha tulizokuwa nazo, na damu imeganda kabisa. Usihangaike kumweleza mwenye bucha, nimeshamweleza. Alikuna kidevu, kisha akasema wiki ijayo ataleta nyingine, ila kwa sharti nizifue mimi. Nimemwambia haitawezekana, kwa sababu Jumatatu niko kaunta.