Kiti cha Mfalme Kiwiko

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Niliingia jumba la mnada kukwepa mvua tu. Nimetoka mtu mwingine kabisa.

Miwani ameuza beseni! Beseni la bati la kunawia uso, tena lina tundu. Huyu Miwani nimesoma naye. Darasani alikuwa hawezi kuuza hata penseli, leo anaitwa mtaalamu wa vitu vya kale. Kabandika kikadi: eti gavana wa mwisho alinawia humo asubuhi ya siku aliyofukuzwa. Basi! Wanaume wawili wazima, wenye tai, karibu washikane mashati. Dalali akagonga nyundo. Beseni likaenda kwa bei ya ng'ombe mwenye mimba.

Nilimfuata Miwani nje nikamuuliza amejuaje kuhusu gavana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema watu hawanunui beseni, wananunua cha kuwasimulia wageni.

Nimerudi nyumbani, chakula hakipiti. Nimezunguka vyumba vyote natafuta kitu kikuukuu. Vipo tele. Tatizo, vyote ni vya mama mkwe. Nyumba yenyewe ni ya mama mkwe. Mimi na mke wangu tumejishikiza hapa kwa muda tu, mwaka wa sita huu.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Mama mkwe yuko kwa mdogo wake, atarudi mwisho wa mwezi. Alipoondoka aliniachia maagizo: nimwagilie maua, nifunge mlango, na kile kiti nisikiguse.

Kiti chenyewe ni cha mbao, kina mikono miwili, mguu mmoja mfupi. Alikichonga marehemu baba mkwe kwa mikono yake siku alizokuwa anamposa. Hakikaliwi na mtu mwingine yeyote. Hata paka anajua. Mkono wa kulia una alama za meno. Za mbwa wao wa zamani.

Asubuhi nilikitazama tu. Kutazama si kugusa.

Ilipofika alasiri nilikuwa nimeshakikalia.

Jamani, raha! Ukikaa pale unajisikia unaamua mambo ya watu. Na hapo ndipo lilipokuja lote kwa mpigo. Huyu ni mfalme aliyekaa hapa! Mfalme nani? Kiwiko changu kilikuwa juu ya mkono wa kiti. Mfalme Kiwiko! Alirudi vitani na mshale pajani. Walipouchomoa alikataa kulia mbele ya watu wake, akang'ata mkono wa kiti. Meno yale pale! Nikampa na wake wawili, maana mfalme wa mke mmoja hanogi.

Nikiuza nitamnunulia mama mkwe kochi laini la kubonyea. Atatoa machozi ya furaha. Kitakachobaki ni changu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekipeleka mnadani kwa mkokoteni, nimekifunika shuka. Mke wangu nimemwambia kiti kimekwenda kwa fundi kurefushwa mguu. Amefurahi! Amesema leo kwa mara ya kwanza nimemfikiria mama yake. Roho iliniuma. Ilipofika njia panda ikaacha.

Dalali alikisoma kikadi changu mara mbili. Mara ya pili alivua kofia. Akauliza kiti nimekipata wapi. Nikasema kimetunzwa kwenye ukoo, na kwa hilo sikusema uongo. Akanieleza sheria ya pale: kitu kikishaandikwa hakitoki mpaka kinadiwe. Nikamwambia nani anataka kitoke?

Miwani alikuwa pembeni anapangusa sanamu. Alikitazama kiti kwa muda mrefu. Hakucheka. Kumnyamazisha Miwani! Hata nisipouza, hiyo peke yake inatosha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Salaale! Nilikuwa kibandani nakunywa chai, redio inaongea mambo yake, mara nasikia Mfalme Kiwiko! Chai ilinitokea puani. Dalali kawapelekea habari. Mtangazaji sauti inamtetemeka. Kaongeza na vitu ambavyo mimi sikuandika. Eti mshale ulikuwa na sumu!

Kilichonimaliza si redio. Ni mama muuza chai. Aliweka birika chini, akatikisa kichwa, akasema bibi yake alikuwa akiwasimulia habari za Kiwiko walipokuwa wadogo.

Nikamuuliza Kiwiko yupi. Akanishangaa. Akasema kwani kuna wangapi?

Nimelipa chai ambayo sikuimaliza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jumba lilijaa mpaka madirishani. Kiti kilipanda jukwaani kimevishwa kitambaa chekundu. Dalali akasoma, watu kimya, alipofika pale pa mshale mama mmoja akalia waziwazi. Bei ikaanza kupanda. Miwani naye akanyoosha mkono! Miwani, kwa kiti cha mbwa wa mama mkwe! Nilikuwa najiuma midomo nisicheke.

Mara safu nzima ya nyuma ikasimama. Wazee, vijana, kina mama na watoto mgongoni. Mbele yao mwalimu mstaafu mwenye koti la suti. Akasema kwa adabu kubwa kwamba mnada usimame, kwa sababu kile ni kiti cha babu yao.

Babu yao!

Dalali akauliza wana ushahidi gani. Mwalimu akakunja mkono wa koti. Na wote nyuma yake wakakunja mikono. Wakainua viwiko juu. Sitanii, vilikuwa vikubwa. Jumba zima likavuta pumzi.

Nikadhani makubwa yamekwisha. Wapi! Upande wa pili akasimama mama mmoja mwenye mwavuli, na watu wake. Akaunyoosha mwavuli kwa mwalimu, akasema wale ni wa nyumba ya mke mdogo, wasijitie kimbelembele. Nyumba ya mke mkubwa ndiyo hii hapa. Yule mke mkubwa nilimwongeza Jumapili ili hadithi inoge!

Nilitaka kupiga kelele kwamba Kiwiko hajawahi kuwepo. Mdomo ukafunguka. Kisha nikaona askari mlangoni, nikaufunga. Dalali akaahirisha. Kiti kimefungiwa kwenye chumba cha vyuma mpaka ukoo upatane. Ukoo! Utapatanaje na haupo?

Mke wangu ameniuliza fundi amefikia wapi. Nimesema mguu umekuwa mgumu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama mkwe amerudi.

Nilikuwa namwagilia maua, nikaona kwanza viatu. Kule kwa mdogo wake nako wana redio. Alisikia habari za kiti cha mfalme, mguu mmoja mfupi, meno mkono wa kulia. Hakumaliza hata kunywa uji, akapanda gari.

Alisimama sebuleni, akatazama pale mahali pa kiti, penye alama nne sakafuni. Akaniita mwanangu. Nikajua nimekwisha, maana akiwa na furaha huniita wewe. Akaniuliza jambo moja tu: yale meno ni ya nani?

Nikasema ya mbwa.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama, kisha akaketi chini pale pale alipokuwa. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tumekwenda mnadani, mama mkwe mbele, mimi nyuma, mkia miguuni. Tumekuta nyumba zote mbili zinagombana na dalali kashika kichwa.

Mama mkwe amekuwa mkunga miaka mingi. Sauti yake haipandi, lakini watu hunyamaza. Akasema kiti ni chake. Kilichongwa na mumewe, fundi seremala, na meno ni ya mbwa wao, mbwa mwenyewe alikuwa na tabia mbaya. Akapapasa ule mkono wa kiti. Nikaona kidevu kinamtetemeka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikangoja kupigwa.

Mwalimu mstaafu akavua kofia taratibu. Akasema sasa ameelewa. Mfalme aliposhindwa vitani hakufa. Alijificha. Akajifanya fundi seremala!

Jumba lililipuka. Mama wa mwavuli akautupa mwavuli, akapiga magoti miguuni kwa mama mkwe. Malkia! Wote wakashuka chini, nyumba kubwa na nyumba ndogo, wakikumbatiana huku wanalia. Dalali naye! Miwani naye, au labda alikuwa anaokota kitu.

Mama mkwe aliwaambia wainuke, wasichafue nguo. Wakasema hata unyenyekevu wake ni wa kifalme. Kiti wamekibeba wenyewe mabegani mpaka nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumdai malkia karatasi.

Nilimnong'oneza mama mkwe kwamba ukitazama vizuri, mambo yamekwenda salama. Akakipangusa kiti kwa kanga yake, akaingia ndani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tangu asubuhi getini kuna foleni ya wajukuu. Wanataka baraka. Mmoja kamletea mama mkwe mwanawe ampe jina.

Amenikalisha. Amesema mumewe alikuwa seremala, alikufa seremala, na hataki afanywe mtu mwingine na watu wasiomjua. Alimpenda akiwa vile vile na vumbi lake la mbao. Niende kwa kila mtu niliyemdanganya nikaseme ukweli kwa kinywa changu. Nina mpaka Jumapili. La sivyo nifunge virago.

Nikamtazama mke wangu anitetee. Akasema kufunga atanisaidia.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekwenda. Nimesema. Hakuna anayetaka kusikia!

Kwa mwalimu mstaafu nilianza nikiwa nimepiga magoti kabisa. Nikasema Kiwiko nimemtunga mimi. Alinimiminia chai. Akasema kwa upole kwamba anaijua hali hiyo, watu wakikaribia jambo kubwa huingiwa na hofu. Nikamwambia hata wake wawili nimewatunga. Hapo akacheka, akasema ndiyo maana nimekosea, walikuwa watatu.

Mama wa mwavuli hakunipa chai. Aliniuliza nimelipwa na nani kumchafulia babu yake. Nikasema mimi ndiye niliyeandika kikadi! Akasema kuandika kila mtu anaweza. Kisha akaanza kunisimulia jinsi Kiwiko alivyokuwa akitembea jioni, mikono nyuma, akiwapa watoto njugu. Alikuwa na machozi. Nilikaa kumsikiliza mpaka jua likaanza kushuka. Mtu hawezi kulilia njugu ambazo hazikuwepo.

Redioni mtangazaji alinisindikiza nje mwenyewe. Amesema wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimejaribu mama muuza chai. Nimejaribu askari wa mnadani. Dalali ameniambia nikirudi tena na maneno hayo ataniitia huyo huyo askari.

Njiani nimewaza. Hebu tuseme ukweli. Lile jina nililitoa wapi? Nilikaa kwenye kiti, likaja. Mbona halikuja jina jingine? Mbona sikusema Mfalme Goti? Na ule mshale pajani, mimi mambo ya mishale nimeyajulia wapi? Watu wote hawa, na viwiko vile, wamekosea, halafu mimi peke yangu, ambaye hata hesabu ya darasa la nne ilinishinda, nimepatia?

Mwili umenisisimka pale barabarani.

Mama mkwe ameniuliza wangapi wameelewa. Nimesema kazi inaendelea.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Lo! Lo! Lo!

Nilipita mnadani, kupita tu. Miwani akaniita pembeni, akatazama huku na huku, akafunua gunia. Fimbo! Nyeusi, ndefu, kichwa chake kimepinda kama mkono uliokunjwa. Fimbo ya Mfalme Kiwiko! Ile ile aliyotembelea baada ya mshale. Na kikadi kinasema hivyo hivyo.

Miwani alitaka kunisimulia habari zake, nikamkatiza. Mimi nisimuliwe habari za Kiwiko? Nani atanidanganya kuhusu Kiwiko? Nilipoiona tu niliitambua. Ni vile vile nilivyokuwa nikiiwaza. Nikamwambia kwamba hajui anachouza, maskini. Kweli hajui! Alikuwa anajizuia asilie, mabega yanamtikisika.

Fedha sina. Akasema kwa kuwa ni mimi, atapokea kitanda.

Tumekibeba mke wangu akiwa sokoni.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mgongo unauma, tumelala sakafuni. Mke wangu alilala akitazama ukuta. Begi langu liko mlangoni, amelifunga vizuri, hata mswaki ameukumbuka.

Mama mkwe ameketi sebuleni tangu asubuhi ananingoja na taarifa yangu. Mimi sina hofu hata kidogo. Alitaka ukweli, leo ninao mkononi, mweusi na mrefu. Nitauweka mezani mbele yake bila kusema neno. Atashtuka! Ataona mwenyewe kwamba nimeteseka bure wiki nzima kwa kosa ambalo sikulifanya.

Nimeshanyoosha shati. Fimbo nimeipaka mafuta. Limebaki jambo moja tu linanitatiza, nalo ni la adabu: sijapata maneno mazuri ya kumwambia mama mkwe aondoke kwenye kiti cha Mfalme.