Gari Lipate Adabu

Habari yenyewe aliileta Mheshimiwa, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi. Jina lake hasa ni Novatus. Aligombea udiwani mara moja, akakosa hata kura ya mke wake, na tangu hapo anahutubia kijiweni kwetu Somanda, kwenye benchi la kahawa lililo ubavuni mwa gereji.

"Ndugu wananchi," alisema, akininyooshea mkono mimi muuza kahawa nimpe kikombe. "Huko ng'ambo kuna watu wana lami mpaka mlango wa choo. Wanachukua gari zima, wanalinyanyua kwa springi ndefu, halafu wanakwenda kulipandisha majabali. Kwa hiari yao. Anayefika juu bila kupinduka anapewa kikombe."

"Cha kahawa?" aliuliza Spana.

"Cha fedha."

Spana ni fundi wa hiyo gereji, jina lake Doto, na rangi ya kwanza ya ovaroli yake hakuna anayeikumbuka. Alipuliza kahawa. "Yaani wanatafuta mashimo."

"Wanayatafuta, na wanayasafiria kwa ndege."

"Si waje Bariadi. Tutawauzia kwa jumla na rejareja."

"Tena yetu ni orijino," alidakia Abubakari, mwenye duka la spea ng'ambo ya barabara. Huyu ndiye tunamwita Orijino, maana kwa mdomo wake hajawahi kuuza kitu ambacho si orijino. Hata boksi tupu analisifia. "Lile shimo la kona ya sokoni, wallahi, lina umri mkubwa kuliko wanangu, na halijachubuka."

"Mimi nauliza," alisema Mheshimiwa. "Mtu mwenye lami analinyanyua gari lake ili iweje? Sisi tunanyanyua kwa kukimbia taabu. Yeye ananyanyua kwa kuitafuta."

"Mwenye kushiba hucheza na ugali," alisema Spana.

Hapo tukasikia mlio wa vyuma kutoka njia ya sokoni, na pikapu ya Masalu ikatokea. Ilikuwa Lendikruza ile ile kuukuu tuliyoizoea, ila makalio yalikuwa yamepanda juu na pua imeinama, kama mbuzi anayekunywa maji mtoni. Kila ikikanyaga kokoto inaruka. Ilipita juu ya ganda la muwa, ikaruka hapo pia.

Masalu alishuka kwa kujirusha, maana mlango ulikuwa mbali na ardhi. Huyu tunamwita Kanyaga. Siku zote anaingia kijiweni akicheka, lakini siku hiyo alikaa kwenye benchi kwa upande mmoja, taratibu.

"Mwangaluka, Kanyaga," alimsalimu Spana. "Unaonaje kazi yangu?"

"Kazi yako imenihamisha figo."

"Maneno gani hayo," alisema Orijino. "Zile springi zimetoka kiwandani, si za kufuliwa uchochoroni. Na shokomzoba zake pamoja. Used ya ng'ambo ni bora kuliko mpya ya dukani. Mimi mzigo ule nimeudhamini kwa mwili wangu."

"Orijino, mama mkwe anakuja leo."

Hata Mheshimiwa alizima simu.

Kisa chake hapa kijiweni kila mtu anakijua. Baada ya mavuno ya mpunga, Kanyaga alikwenda Ipililo na mke wake Kija kumchukua mama mkwe, aje kukaa nao kidogo. Springi za zamani zilikuwa zimekufa na shokomzoba zimekauka. Kwenye korongo moja gari likazama, likaruka, na kichwa cha mama wa watu kikagonga paa. Sasa kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Na hapo gari la mkwe limempiga mama kichwani. Alishuka pale pale, akarudi stendi kwa miguu kutafuta basi la kwao, binti yake nyuma. Wazee wakakaa. Kanyaga akajitetea kwamba hakupiga yeye, limepiga gari. Wazee wakamuuliza gari ni la nani. Hukumu ikatoka: Kija atakaa kwa mama yake mpaka gari lipate adabu.

"Wanakuja na basi la mchana," alisema Kanyaga. "Watashukia hapa. Kutoka hapa mpaka kwangu lazima tupite lile lile korongo. Mama amesema atapanda mwenyewe alipime. Likimtikisa, anageuka na Kija wake, na safari hii ng'ombe zangu za mahari zitarudishwa nyumbani bila kuulizwa kama zimechoka."

"Lakini gari si limepata vyuma vipya?" aliuliza Mheshimiwa.

"Panda ulione."

Mheshimiwa alipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzindua kisima. Wakazunguka soko. Waliporudi, kofia yake ilikuwa imegeuka nyuma na alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Wananchi," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimerudi. Mbavu zinakuja na bodaboda."

Spana aliingia chini ya gari. Alipotoka alikuwa anajikuna kisogo. "Orijino. Hizi springi zilikuwa kwenye gari gani?"

"Gari la kiwandani."

"Magari yote yanatoka kiwandani. Lilikuwa linafanya kazi gani?"

Orijino alitazama duka lake kana kwamba mteja amemwita. "Lilikuwa linabeba mashine ya kuchimba visima."

"Mashine nzima?"

"Na mabomba yake."

"Ndiyo maana," alisema Spana. "Hizi zimezoea mzigo. Bila mzigo hazilali. Gari likiwa tupu, ni sawa na umekaa juu ya reli."

"Na wewe fundi hukuziona wakati unazifunga?" aliuliza Kanyaga.

"Niliziona. Nikasema hapa Kanyaga kapata chuma."

"Na wewe Orijino?"

"Ulikuja dukani ukasema nipe ngumu kuliko zote."

"Nilisema nipe nzuri kuliko zote."

"Sasa nzuri si ndiyo ngumu?"

Kwetu jembe zuri ni zito, blanketi zuri ni zito, na mchi usiomchosha mtu unaitwa mwiko. Kanyaga mwenyewe alipozibeba springi zile dukani alizipima mikononi akatabasamu, mimi nilimwona.

"Basi nirudishie za zamani," alisema Kanyaga. "Bora zile, zilikuwa zinazama kwa upole."

Spana alishika vikombe akaanza kunipangia, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

"Spana."

"Nilimpa mhunzi. Hukusema unazitaka. Nadhani saa hizi ni mapanga."

"Mapanga."

"Moja nililiona jana linakata miwa. Linakata vizuri."

Kanyaga aliweka mikono kichwani. "Kija wangu anaondoka kwa sababu ya kisima cha watu."

"Tulia," alisema Mheshimiwa. "Fundi amesema dawa ni mzigo. Tujaze mchanga nyuma."

"Nimpakie mama mkwe pamoja na mchanga? Atasema nakwenda kumjengea kaburi."

"Magunia ya pumba?"

"Atasema amepandishwa kama chakula cha nguruwe. Hamumjui yule mama. Anatafuta neno, na neno lenyewe nisimpe mimi."

Spana alikuwa anamtazama Mheshimiwa. Alianzia kwenye kitambi, akashuka, akapanda tena. Kisha akamgeukia Orijino, ambaye Mungu hakumnyima kitu upande huo.

"Mzigo ninao," alisema Spana.

"Mimi nina duka," Orijino aliwahi.

"Springi za nani?"

"Zangu, lakini..."

"Basi panda ukazikalie."

Basi lilifika kabla hawajamaliza kubishana. Kija alishuka kwanza, amekumbatia kuku, akamtazama mume wake kwa pembe ya jicho. "Gari limenenepa," alisema, "wewe umekonda." Kanyaga alitaka kujibu, lakini nyuma ya Kija ulikuwa unashuka mguu wa mama yake, na hapo mwanaume akazunguka haraka akajificha upande wa pili wa boneti.

Mama Kija, Apolonia kwa jina la ubatizo, ni mwembamba na mrefu, na alikuja na mwavuli ambao haukuwa wa mvua. Aliligonga tairi kwa ncha ya mwavuli. Akautazama mlango, ulikuwa usawa wa kifua chake.

"Mwambieni mwenye gari," alisema, "mimi si paka."

"Amesikia, mayu," alisema Mheshimiwa.

Ikawa shida mpya. Mkwe hawezi kumshika mama akampandisha, hata kidole. Kija ana kuku na mzigo. Spana ana grisi mpaka viwikoni. Orijino akasema kwa heshima zote yeye si ndugu. Wakasimama wanautazama mlango kama watu waliofika benki Jumapili. Halafu macho yao yote yakaja kwangu, na kutoka kwangu yakashuka kwenye benchi.

Benchi ni la mama yangu. Waliokaa walinyanyuka, wakalisogeza chini ya mlango, Mama Kija akakanyaga benchi, akakanyaga ngazi ya gari, akakaa. Kija akaingia katikati, akawa ukuta kati ya mama na mume. Wanaume wakalitupa benchi nyuma, kwa sababu kule mbele mama atahitaji kushuka, nao wakapanda. Nikalifunika birika, nikamwomba jirani wa maandazi alitazame, nikapanda nyuma na benchi letu.

Tulipoondoka gari lilikuwa bado linarukaruka. Spana akagonga bodi. "Orijino, sogea kwenye tairi la kushoto. Mheshimiwa, kulia. Kaeni mzima mzima, msichuchumae."

Wakakaa. Gari likashusha pumzi, nasema kweli, nikaona makalio yake yanashuka kama mtu aliyepewa kiti. Vishindo vikapungua. Mheshimiwa akaanza kuwapungia watu mkono.

"Punguza kupunga," alisema Spana. "Ukiinua mkono unakuwa mwepesi."

"Nina wapiga kura."

"Unao wapi?"

Lile korongo likatokea mbele. Kupitia kioo cha nyuma niliona shingo ya Kanyaga imekakamaa, na mkono wa Mama Kija umekwishapanda kulinda kichwa. Spana akasema, "Wote chini, mshikane." Orijino akafumba macho akaanza kusoma dua. Mheshimiwa akaitikia amina kila alipovuta pumzi. Pua ikashuka, sisi tukashuka, springi zikalia mara moja kama mlango wa ghala, kisha gari likapanda upande wa pili polepole, kama ng'ombe mwenye mimba anayetoka kwenye jaruba.

Mkono wa Mama Kija ulibaki hewani kidogo, ukisubiri. Paa halikuja. Akaushusha mapajani.

Kwa Kanyaga tuliteremsha benchi, mama akalikanyaga, akashuka. Akalizunguka gari. Akazipinda nguo zake, akainama, akachungulia zile springi, sijui aliona nini.

"Mwambieni mwenye gari," alisema. "Limepata adabu."

Kija hakusubiri aambiwe mara mbili. Alimwachia kuku uani, akachukua ufagio uliokuwa umelala mlangoni, akaanza kufagia, na kwa vumbi lile lililotoka ulijua nyumba haikuwa na mwanamke. Kanyaga alikuwa ameinamia boneti, anafuta kioo kilicho safi. Alikifuta muda mrefu, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Na kingine," alisema Mama Kija. "Mara ile alinibeba bila mzee hata mmoja, kama gunia. Leo nimeletwa na wazee wa mji. Mwingine anasoma dua njia nzima, tena kwa dini yake, ameacha duka kwa ajili yangu. Hiyo ni heshima gete, heshima ya kweli. Kwetu Ipililo nitaisimulia."

Wale watu wazima wakatazama chini, kila mmoja akipanguza suruali.

"Nitakaa hapa mpaka pamba ivunwe," aliendelea. "Jumapili nitakwenda misa mjini. Nitasindikizwa na wazee hao hao. Asipungue hata mmoja, maana nimekwishawazoea."

Akaingia ndani. Kanyaga aligeuka toka kwenye boneti, macho mekundu, mdomo unacheka.

"Mayu ana maana Jumapili kanisani?" aliuliza Orijino.

"Misa ya kwanza," alisema Mheshimiwa. "Saa moja. Ya pili ina watu wengi, tutakosa kivuli cha kuegesha."

"Jamani, mimi ni Abubakari."

"Springi hazijui jina," alisema Spana. "Wewe ulisema umezidhamini kwa mwili. Mwili huo Jumapili uwe garini."

Orijino alivua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa vizuri.

"Nitakuja," alisema. "Lakini sishuki. Nitakaa nje ya geti, ndani ya gari."

"Hapo hapo," alisema Spana. "Tairi la kushoto."