Mishipa Yangu Imeniaibisha Siku ya Kumuoza Aziza

Kasongo, Jumanne, Mfungo Nane, 1305

Kwa Mwalimu Abdallah, kadhi wetu, mwenye subira ya kusikiliza hata mashitaka ya wajinga.

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukuarifu kwamba nyumbani sote tu wazima isipokuwa heshima yangu, mimi Ramazani bin Assumani naja mbele yako kuishitaki mishipa yangu ya damu.

Ijumaa ulikuwapo. Nilikuwa nimemshika mkono bwana harusi, Sumaili wa Kabambare, nimuoze binti yangu Aziza. Nikasema, "Nimekuoza," na kabla sijataja jina la bibi harusi, nikakoroma. Sasa baba yake Sumaili, mzee Abedi, anataka ndoa irudiwe Ijumaa hii, na maneno nimwachie mdogo wangu Kassimu. Kassimu! Mtu ambaye hata jina la mke wake hulikumbuka kwa kuuliza.

Nilikwenda kwa Zuberi, yule anayeumika watu, akiwatoa damu kwa pembe, aliyewahi kumtumikia daktari kule Unguja. Kwa maelezo yake, makosa ya mishipa ni haya:

1. Ina kuta zinazobana na kulegea, wala haiombi ruhusa. Mtu akila, ile ya tumboni inajipanua, damu inakimbilia huko. Nilikula pilau sahani mbili (nakiri, tatu). Kichwa kikabaki kitupu kama soko siku ya mvua.

2. Mvua yenyewe ilipokuja, mishipa ya vidole ikajibana ili joto libaki kifuani. Haikujali kwamba nimeshika mkono wa watu! Shangazi yake Sumaili aliponigusa akapaza sauti: "Eh, baba mukwe iko muzima kweli? Mukono baridi sawa samaki ya Lualaba!" Wanawake wakacheka, na aliyeanza ni mke wangu Nuru.

3. Hapo ile ya usoni ikafunguka yote, uso ukawaka moto. Damu ya vidole haikupatikana. Ya aibu ilipatikana mara moja.

4. Hili ndilo zito. Zuberi anasema iko mishipa myembamba kuliko unywele, imeenea mwili mzima. Kuta zake ni laini hata chakula, hewa safi na maji vinapenya kwenda kwenye nyama, na taka za nyama zinapenya kurudi kwenye damu. Biashara nzuri, haina kelele wala wapagazi. Lakini nilipoketi barazani siku tatu kupokea wageni, miguu ikining'inia, maji yalitoka yakakawia kurudi. Miguu ikavimba, viatu vikanikataa, nikasimama peku mbele ya wakwe kama mtu aliyekimbizwa na nyuki.

Kwa hiyo naomba uamue kwamba kosa ni la mishipa, si langu. Tena iamriwe kufunguka yote sawasawa, saa zote, kila kiungo kipate haki yake. Zuberi anasema damu haitatosha na nitaanguka palepale. Nimemjibu kwamba kila mgawaji husema hivyo, na sahani yake imejaa.

Mwalimu, binti ninaye mmoja tu. Nikimwachia Kassimu maneno yale, nitakuwa nimehudhuria harusi ya mwanangu kama jirani.

Nisalimie wa nyumbani kwako wote, wanafunzi wa chuoni, na majirani mpaka njia ya Nyangwe. Kassimu mukikutana, usimpe salamu, zimekwisha.

Ni mimi mtumishi wako, mwenye miguu mizito,
Ramazani bin Assumani

Baada ya kutia sahihi: Nimemsomea Nuru barua hii. Anasema Ijumaa sikuonja hata punje kabla ya ndoa. Nilikuwa nagawia wageni, na sahani zangu tatu nilizila jioni, aibu ikiwa imekwisha kupita. Basi tumboni damu haikuwa na kazi yoyote. Anasema nilianza kusinzia kwenye hotuba ya ndoa, na mzee Abedi alitangulia kulala, begani mwangu. Hotuba hiyo, Mwalimu, ilikuwa yako. Naomba Ijumaa nioze mimi, na wewe uwe mfupi.