Fundi Cherehani na Vita Vya Sori

Nawategea, wajukuu: kila mtu anacho mdomoni, hukitoa bure mchana kutwa, na anayekipokea huondoka mikono mitupu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji, tena uwe na maji ya bomba, nami niwape jibu: ni sori, lile neno la Kiingereza. Sogeeni msikie vita vyake vikuu, vita ambavyo havikutikisa hata kikombe mezani.

Alikuwako fundi cherehani, simba wa sindano, mfalme wa kibaraza kizima, ambaye asubuhi moja, akibishana habari za mpira na wapita njia, aliisahau pasi ya mkaa juu ya gauni la dada yake muuguzi, gauni la kuagwa kazini kesho yake. Moshi ukapanda kama wa mji uliotekwa. Shujaa akalitazama lile tundu begani, akanena kwa ujasiri wake wote:

"Sori, dada. Lakini mkaa wa siku hizi..."

"Sori ndiyo nini?" akauliza dada, aliyemlea tangu anatambaa.

"Si... sori tu."

"Kumbe hujui unachonipa! Haya, mpaka jioni uwe umenieleza, la sivyo cherehani yangu naibeba."

Salale! Bila cherehani ile ya dada, mfalme angebaki na futi ya kupimia shingoni na sifa zake. Akauvuka mfereji, akamruka mbwa aliyelala, akamfikia jirani yake, mwalimu mstaafu, anamenya viazi.

"Ewe bingwa wa chaki, nipe maana ya sori!"

"Ewe mchoma magauni," akajibu mwalimu, aliyeyasikia yote kutoka ng'ambo ya mfereji, kisu kikiwa hewani, "neno hilo lina ukoo na neno la kale la Waingereza la maumivu, la donda. Aliyelitamka alikuwa anaumwa na jambo. Leo mtu akikupiga kikumbo, sori, asiposikia, sori, akitaka kukutukana, huanza na sori. Na wewe ukalifunga mkia wa lakini!"

Fundi akarudi mbio, futi ikipepea kama bendera. Dada keshaikumbatia cherehani. Enyi waandishi wa tarihi, mngekuwapo mngevunja kalamu, kwani kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, mtu yule alifungua kinywa na lakini haikutoka.

"Nilikuwa nabishana mpira, dada, nikaiacha pasi. Kosa langu. Nakushonea mabega mapya kabla hujaagwa."

Mikono ya dada ikalegea. "Na sori ndiyo nini?"

"Ni kwamba limeungua gauni lako, na panapouma ni hapa kwangu."