Tume ya Kumtafutia Moza Mwalimu wa Kompyuta

Gazeti la siku ile lilifika kijiweni likiwa limeshasomwa na watu sita na kufungiwa vitumbua mara moja, lakini habari yenyewe bado ilisomeka chini ya mafuta: walimu wa somo la kompyuta hawatoshi. Benjamini aliisoma kwa sauti mara mbili. Huyu kijiwe kizima humwita Spika, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kusema mpaka yeye amruhusu, na yeye hamruhusu mtu.

Ridhiwani, muuza viatu anayejulikana kwa jina la Nusu Bei, akasema huo ni uongo wa magazeti. Kariakoo hii kompyuta zimejaa kuliko nyanya. Itakuwaje vitu vijae na wanaovijua wakosekane? Abdulswamad, mwenye dele la kahawa, akamjibu kwamba masufuria nayo yamejaa, na bado Nusu Bei kila siku anakula chipsi barabarani. Wakacheka, wakageuka kumtazama Mzee Bakili, maana hapo ndipo yeye huingia na ufafanuzi.

Mzee Bakili hakuingia. Alikuwa anakitazama kikombe chake kama mtu aliyeona nzi ndani.

Hilo lilikuwa jambo geni. Barazani pale Mtaa wa Narung'ombe, Mzee Bakili ndiye Kamusi. Alitoka Newala kijana asiyejua a wala be, akawa mtunza stoo katika duka la vitenge la Vallabhdas, akajiandikisha shule ya usiku akiwa na miaka thelathini na nne na ndevu zake. Tangu hapo husoma ukurasa mmoja wa kamusi kila asubuhi kabla ya chai. Alikwisha kuwaeleza wenzake jinsi ndege inavyoruka, jinsi figo inavyochuja na sababu ya mvua ya mawe. Baadhi ya maelezo hayo yalikuwa ya kweli.

"Kamusi, umemeza ulimi?" Spika akauliza.

Ikabidi aseme. Mjukuu wake Moza, anayekaa naye Buguruni, alikuwa kidato cha sita, na somo la kompyuta limo katika mchepuo wake. Mtihani wa majaribio alipata alama ambayo mzee hakuitaja, akasema tu kwamba ni ya mwisho katika alfabeti wanayotumia. Zimebaki wiki tatu mtihani wa taifa. Somo hilo akianguka, chuo alichokiota hakimchukui. Mama yake anakaanga samaki Feri tangu alfajiri, hana nafasi ya kuhangaika. Kazi ya kutafuta mwalimu wa tuisheni ameikabidhi kwa babu, msomi wa ukoo.

Alichowaficha wenzake ni kwamba mara ya kwanza alijaribu kumfundisha mwenyewe. Alikaa na kitabu cha Moza siku mbili mchana kutwa, akatikisa kichwa penye picha, kisha akamwambia mjukuu kwamba mwandishi wake hakuwa makini.

Bongo jambo likikushinda, huliundia tume. Spika aliiunda palepale: yeye mwenyekiti, Nusu Bei na Abdulswamad wajumbe, Mzee Kamusi mtahini mkuu. Waombaji waje kesho saa kumi jioni, wahojiwe hadharani kwenye benchi, atakayeshinda apewe mtoto. Bakili alifurahi mno. Alikwenda nyumbani akachukua karatasi ya mtihani wa miaka ya nyuma, akachagua swali lililokuwa fupi kuliko yote, akalikariri. Karatasi ile ilikuwa na maswali matupu bila majibu, lakini kasoro hiyo hakuiona. Katika maisha yake aliwahi kukosa maswali, majibu hayajawahi kumwishia.

Walijitokeza waombaji wawili.

Wa kwanza alikuwa Rupal, mjukuu wa marehemu Vallabhdas yuleyule, binti wa miaka kama ishirini na sita anayefundisha kompyuta chuoni. Alisikia habari sokoni, akaja kwa heshima ya miaka ambayo Bakili alifanya kazi kwa babu yake. Alisema shikamoo kwa kila mmoja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapewa kahawa.

Mzee Bakili akavaa miwani. Akasoma swali kwa Kiingereza cha shule ya usiku, polepole, kisha akalitafsiri kwa ajili ya tume: ibadili kumi na tatu iwe namba ya kompyuta, zile zinazoandikwa kwa sifuri na moja peke yake.

"Moja, moja, sifuri, moja," akasema Rupal hapo hapo.

Nusu Bei akaihesabu kwa vidole. "Yaani elfu moja mia moja na moja?"

"Hapana, haisomwi hivyo. Ni kumi na tatu ileile, ila nafasi zake zina..."

"Binti, subiri. Mimi viatu nauza kumi na tatu. Wewe unaniambia nikiingiza kwenye kompyuta vinakuwa elfu moja mia moja na moja? Huku wateja wangenitoa roho."

Abdulswamad akasema kupanda kwa namna hiyo hajakuona hata kwenye sukari. Rupal akaomba kalamu aeleze, Spika akasema muda wa swali umekwisha, na yeye ana swali lake. Kompyuta ikimwagikiwa maji ya chumvi, anaitibuje?

"Hiyo sijui," Rupal akasema. "Hiyo ni kazi ya fundi."

Benchi likapoa. Kijiwe kile kina umri wa miaka kumi na tisa, na neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa pale. Bakili aliona aibu kwa niaba ya marehemu tajiri wake. Alimtazama binti akimaliza kahawa yake bila haraka, akiaga kila mmoja kwa zamu, akaondoka anatabasamu, na akajisemea moyoni kwamba vijana wa leo hata kufeli hawajui.

Wa pili alikuwa Goodluck, fundi simu wa kibanda cha jirani, kijana mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Akaulizwa swali lilelile.

"Mzee wangu, kumi na tatu ni kumi na tatu," akasema. Akatoa simu, akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akaizungusha benchi zima waone. "Kompyuta ndogo hiyo. Kuna mtu anaona elfu moja hapo?"

Hakuna aliyeona. Abdulswamad akasema huo ndio unaitwa ushahidi wa macho. Na maji ya chumvi? Goodluck akajibu kwamba unakichimbia chombo kwenye mchele siku mbili, na mchele uwe mkavu, usiwe wa pilau. Nusu Bei akampa mkono. Wakapiga kura, Rupal akapata sifuri, Goodluck akapata waliobaki wote, akiwemo Goodluck mwenyewe.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini msomi haachi mambo yaning'inie. Mzee Bakili alirudi Buguruni, akachukua karatasi yenye mistari, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande ambao mwalimu wa shule ya usiku aliwahi kuusifu mbele ya darasa:

"Ndugu Rupal. Yah: Ombi lako la kufundisha. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Tume imesikitika kukuarifu kwamba hukufaulu usaili. Tunakushauri uimarishe hesabu za msingi, hasa kuanzia kumi kwenda juu. Usikate tamaa. Hata mimi nilichelewa kuanza."

Akaipeleka kwa mkono hadi nyumbani kwao Rupal, Kisutu, akaiingiza chini ya mlango.

Goodluck alifundisha siku tatu. Siku ya nne mzee alimkuta Moza mezani ameegemeza shavu mkononi, akamuuliza masomo yanaendaje. Moza akasema anaweza sasa kutoa kioo cha simu bila kukivunja. Mzee akasema hayo ndiyo maarifa, elimu ya vitendo. Kisha, ili kumtia moyo, akamsimulia jinsi tume ilivyomchuja yule aliyedai kwamba kumi na tatu ni elfu moja mia moja na moja.

Moza alishusha mkono shavuni. Akavuta karatasi, akaandika nane, nne, mbili, moja, kila namba na nafasi yake, akaweka alama ya moja chini ya zile zinazohitajika na sifuri chini ya isiyohitajika. Nane na nne na moja. Kumi na tatu.

"Moja, moja, sifuri, moja," akasema. "Babu, kwenye mtihani wote wa majaribio, swali kama hilo ndilo pekee nililolipata."

Mzee Bakili aliisogeza karatasi ile kwenye mwanga. Akajumlisha kwa kidole. Akajumlisha tena kuanzia mwisho, kama mtu anayetumaini kwamba kwa njia ya kurudi itakataa. Haikukataa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Alivaa koti, akatoka.

Kisutu alifunguliwa na Taraben, bibi yake Rupal, mjane wa Vallabhdas. Alifurahi kumwona, akamkalisha, akamletea chai yenye tangawizi, kisha akamsogelea kwa sauti ya chini. Barua yake aliiokota yeye mlangoni. Tangu siku ile hajalala vizuri.

"Bakili, wewe mtu wa ukweli. Huyu mtoto kweli hesabu hajui? Sisi tumesomesha chuo miaka minne."

Njia nzima alikuwa ametunga maneno. Alipanga kusema kwamba tume ilikabiliwa na changamoto, kwamba matokeo yamepitiwa upya. Lakini mama wa watu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili anamsubiri, na mlangoni Rupal amesimama anasikiliza.

"Mama, anajua," akasema. "Mimi ndiye sikujua. Niliuliza swali ambalo jibu lake sikuwa nalo."

Ilikuwa sentensi fupi, na ilimchosha kuliko kubeba marobota ya vitenge. Rupal hakumcheka. Aliuliza tu mtihani ni lini, akashika kichwa, akasema Moza aje kesho asubuhi, na kila siku baada ya hapo.

Baada ya masomo manne Rupal alimpigia simu mzee aje wazungumze. Bakili akaenda na koti lake, amejiandaa kwa mabaya. Rupal akamwambia kichwa cha Moza hakina tatizo, ni chepesi. Tatizo ni kwamba haulizi. Asipoelewa jambo anatikisa kichwa na kusema sawa, na akiulizwa asichokijua, anajibu kwa kujiamini kabisa, jibu la kutunga, lenye maelezo marefu.

"Nikamuuliza kwa nini hasemi tu kwamba hajui. Akasema kwao hakuna mtu anayesema hivyo."

Mzee Bakili akauliza kama hiyo inaweza kutibika katika siku kumi na tatu zilizobaki. Rupal akasema inategemea na nyumbani.

Kesho yake kijiweni wenzake walitaka taarifa. Goodluck alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba amenyang'anywa mwanafunzi, na tume ilijiona imedharauliwa. Mzee akawaeleza yote, ile hesabu, barua na Taraben. Abdulswamad akasahau kumimina. Spika akataka kujua sasa mwalimu mpya amegundua mtoto ana shida gani.

"Anasema ni ya kurithi," Bakili akajibu.

"Kwa upande gani?" Nusu Bei akauliza kwa huruma.

"Wangu."

Wakaweka vikombe chini kwa heshima ya ugonjwa. Kisha Spika, ambaye ukimya humuumiza meno, akafunua gazeti la siku ile na kusoma kwamba wataalamu wameona nyota ambayo haijawahi kuonekana. Akalishusha gazeti. "Haya Kamusi, tupe darasa. Hiyo nyota siku zote ilikuwa wapi?"

Jibu lilikuja lenyewe, kama kawaida, likiwa na mwanzo, kati na mwisho, na mawingu ndani yake. Bakili alilihisi limekaa kwenye ncha ya ulimi, tamu. Akalimeza pamoja na kahawa.

"Sijui," akasema.

Spika alidhani hakusikika, akarudia swali. Mzee naye akarudia jibu. Abdulswamad akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Nusu Bei akapendekeza apelekwe hospitali. Walimsubiri kwa muda, labda ni mzaha na ufafanuzi unakuja, lakini haukuja, na hakukuwa na cha kubishia. Nusu Bei akakumbuka viatu vyake. Spika akakunja gazeti, akasema siku yenyewe ina joto, akaondoka. Mwisho hata Abdulswamad alibeba dele lake akaenda kutafuta benchi lenye watu wanaojua mambo.

Bakili alibaki peke yake barazani. Akatoa simu, akampigia Moza, akamuuliza kama yeye anajua ile nyota ilikuwa wapi.

Moza akavuta pumzi, mzee akasikia kabisa anavyolitunga jibu.

"Sijui, Babu," akasema hatimaye. "Ngoja nimuulize dada Rupal."